Saruji ya Kaburi la Magesa

Butiama,
6 Machi 2023

Mjukuu wangu Hezron, mume wangu mdogo,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema ili tusipoteze karatasi. Huku tu wazima. Mguu wangu wa kushoto ni ule ule: mvua ikikaribia unauma, ikinyesha unauma, ikiacha unauma kwa sababu imeacha. Mama yako Judith ni mzima, ndiye ameshika kalamu. Mimi nimekaa kwenye kigoda, nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinirekebishe. Ng'ombe Mabaka amezaa jike. Mihogo ya bondeni imeliwa na nguruwe pori, wametuachia majani tupike kisamvu. Lilian hajambo? Watoto nao? Mwambie Lilian kile kitenge nimekivaa kanisani, watu wamekitazama kuliko walivyomtazama mchungaji.

Usinipe habari ya simu. Ile uliyoninunulia iliingia kwenye ndoo ya maziwa, na hata ilipokuwa nzima ilikuwa inakatikaga katikati ya neno. Tena nikikupigia anapokea mtu nisiyemjua, anasema mheshimiwa yuko kikaoni. Mheshimiwa gani? Barua dereva wa basi anakupa mkononi.

Sasa neno lenyewe. Mbunge wetu tumemzika juzi tu, majani bado hayajaota kaburini, na tayari kiti chake kinagombaniwa. Nilikuwa dukani kwa Samweli kununua chumvi, redio yake inaongea kama kawaida, nikasikia jina lako. Umechukua fomu ya ubunge! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa Samweli wakakimbia. Watu wote wa dukani wakanishika mkono.

Halafu ukaanza kuongea. Ukasema hivi, na nimeyashika maneno kama yalivyotoka: "Marehemu baba yangu, mzee Magesa, ndiye aliyenishika mkono kwenye plau nikiwa na miaka minane, akaniambia mwanangu nyoosha mstari."

Watu wakanitazama. Mimi nikaitazama chumvi.

Magesa yupi huyo? Magesa ninayemjua alikuwa mume wangu. Nilimzika mwaka ule askari waliporudi kutoka vitani Uganda, na msalaba wake uko nyuma ya zizi, umeandikwa 1979. Wewe umezaliwa 1986. Sasa alifufuka lini akakushika mkono, akarudi kulala bila kunisalimia?

Labda huko mjini umesahau, ngoja nikukumbushe. Magesa aliniacha na mabinti wawili, wakaolewa, nyumba ikabaki na mimi na panya. Mila yetu inamruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume aoe mwanamke mwenzake kwa ng'ombe zake mwenyewe, nyumba isizimike. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Nikamwoa mama yako. Ng'ombe tisa, nilizichunga mwenyewe. Watoto wa nyumba ya namna hiyo wanabeba jina la mzee wa nyumba hata kama ni marehemu, na mwoaji wanamwita bibi. Ndiyo maana wewe ni Hezron Magesa na mimi ni bibi yako. Hapo kuna aibu gani?

Nataka unijibu moja tu. Aliyekushika mkono kwenye plau ni nani?

Mama yako amechoka kuandika. Ni mimi Wankyo, na lile doa hapo chini ni kidole changu, usidhani ni uchafu.


Makoko, Musoma,
19 Machi 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama shikamoo, najua ndiye anayesoma. Sisi hatujambo. Lilian anawasalimu sana, mafua ya ziwani yalimshika wiki nzima, sasa ameamka. Mtoto wa kwanza amekuwa wa tatu darasani, yule wa pili amekuwa wa tatu pia, ila kwa kuhesabu kutoka mwisho. Duka la pembejeo nimemwachia Lilian kwa muda kwa sababu ya pilikapilika hizi. Nafurahi kusikia Mabaka amezaa jike.

Bibi, naomba radhi kwa jambo la redio. Mtangazaji aliniuliza ghafla, "Baba yako alikuachia nini?" Taa nyekundu imewaka, watu wote wanasikia, neno likatoka lenyewe. Sikukusudia kukudharau.

Lakini naomba mnielewe. Tumechukua fomu watu kumi na wanne, wenye nguvu tuko watatu. Kuna Baltazari mwenye malori. Kuna Stellah, yule muuguzi wa zahanati, ambaye kila mjumbe ana mtoto aliyezaliwa mikononi mwake. Na mimi. Wajumbe wa chama watapiga kura siku moja, na atakayeongoza ndiye atasimama kugombea kiti. Watu wa Baltazari wameshaanza maneno. Wananiita "mtoto wa wanawake wawili", wanacheka. Kule kijijini mila inaeleweka, lakini wajumbe wengine ni watu wa mjini na wa makanisa. Nikianza kueleza nyumba ntobhu, dakika zangu tano zitaisha sijasema lolote juu ya mbegu wala josho la ng'ombe. Ni kwa muda tu, bibi. Nikishapata kiti nitasimama hata bungeni niseme.

Jambo jingine dogo. Namtuma fundi Bernado na mifuko miwili ya saruji atengeneze kaburi la mzee Magesa. Limechakaa, na wageni wataanza kuja nyumbani. Naomba mumpokee na mumwache afanye kazi yake.

Mjukuu wako mtiifu,
Hezron


Butiama,
2 Aprili 2023

Hezron,

Marahaba. Mvua imekuja kwa hasira, njia ya mtoni haipitiki, barua hii itakaa kwa Samweli mpaka basi lipite. Mama yako alikuwa na homa, imepoa. Huyo wa tatu kutoka mwisho mlete kwangu likizo, nitamfundisha kukama, mtoto asiyependa daftari labda anapenda chuchu za ng'ombe.

Bernado wako alifika. Mtu mzuri, ana adabu, anakula vizuri. Nilimpa ugali na samaki furu wa kukausha, akamaliza, nikamwongeza. Aliposhiba nikamuuliza, "Fundi, umetumwa kufanya nini hasa?" Akasema kupiga lipu kaburi. Nikasema, na msalaba? Akakuna kichwa. Akasema msalaba aupige lipu wote, kisha aandike jina tu.

"Jina tu?"

"Jina tu, mama."

"Na mwaka?"

Akatazama sahani. Akasema, "Mwaka mheshimiwa kasema usihangaike nao."

Hezron, ulitaka kumfutia mtu siku yake ya kufa. Magesa hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya bati. Siku yake aliyokufa ndiyo kitu chake, na wewe ukamtuma fundi akaifute.

Saruji sikuirudisha, nisingeiharibu kwenye mvua. Nimemwambia Bernado anipigie sakafu jikoni. Imetoka vizuri sana, sasa nafagia mara moja. Asante kwa saruji.

Na Baltazari naye alikuja, siku nne baadaye, na gari refu. Alileta sukari. Akaniita mama mzazi, nikamwambia mimi si mzazi wako, mama yako namjua, yuko Kisorya, mpelekee sukari yeye. Akacheka. Aliomba aone mifugo. Akazunguka nyuma ya zizi simu iko mkononi, akakaa huko muda wa mtu anayehesabu ng'ombe mia, na mimi ninazo sita. Sijui alikuwa anatafuta nini. Labda wewe unajua.

Hukunijibu nilichokuuliza. Nitajijibu mwenyewe. Ulikuwa na miaka minane. Mabaka bado hajazaliwa, tulikuwa na maksai wawili, Simba na yule wa jicho moja. Asubuhi ile ulilia kwa sababu mpini wa plau ulikuwa unakuzidi kimo. Nikasimama nyuma yako, nikaweka mikono yangu juu ya mikono yako, tukalima hivyo, miguu yangu nje na yako ndani, mpaka kwenye mpaka wa shamba. Nilipokuachia ulienda hatua saba peke yako halafu ukaingia kwenye shamba la Penina. Penina mpaka leo anasimulia. Sikusema "mwanangu nyoosha mstari". Nilisema, "Wewe, unaenda wapi!"

Jina la Magesa nimekupa kwa moyo wote. Lakini mikono ile ilikuwa yangu.

Wankyo, na kidole.

Haya yote nimeyaandika kama alivyosema. Mimi mama yako sina la kuongeza. Mahindi yameota. — J.


Bunda,
12 Aprili 2023

Bibi, mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima. Naandika kwa haraka nikiwa nyumba ya wageni hapa Bunda.

Kuhusu msalaba nimekosa, nakiri. Sitautetea. Lakini picha ya msalaba huo sasa iko kwenye simu za wajumbe, na hicho ndicho Baltazari alichofuata kwenye zizi lako. Wameandika chini yake: "Huyu marehemu alimfundisha nani kulima?" Lilian ameletewa na mwanamke wa kwaya yake. Mwanangu ameulizwa shuleni babu yake alifufuka lini. Nyie mko huko na sakafu yenu mpya, mimi ndiye ninayetembea na jambo hili kila kijiwe.

Nitawaambia nilikotoka, nisiwafiche. Nilikwenda Guta kwa mjomba Nathanieli. Nilitaka kujua jambo moja tu, baba yangu wa damu ni nani. Nikiwa na jina la mtu, hata kama alikufa, hata kama alikuwa mlevi, nitasimama niseme huyu hapa, maneno yaishe. Mjomba alinichomea muhogo. Tukala. Akaniambia, "Ng'ombe zetu zilitoka kwa Wankyo. Kamuulize Wankyo." Akarudi kwenye pamba yake, akanigeuzia mgongo.

Kwa hiyo nauliza. Mama, ni nani? Niandikie hata kwenye kipande cha karatasi. Nitakitumia mara moja, sitakuuliza tena maishani.

Mkutano wa kura za maoni ni Jumamosi tarehe 13 Mei, hapo Butiama. Bibi, naomba sana usije. Safari si ndefu lakini mguu wako, na watu watakuwa wengi, na jua. Mama naye abaki akuangalie. Nitakuja nyumbani baada ya matokeo.

Hezron


Butiama,
29 Aprili 2023

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mvua imepungua. Mtama umeshika. Penina amechaguliwa mjumbe, sasa anatembea katikati ya barabara, pikipiki ndizo zinamkwepa.

Barua yako ilifika siku ya mnada. Mama yako akanisomea salamu, akanisomea habari ya mtoto kuulizwa shuleni, akakunja. Nikasema, mbona karatasi imejaa na maneno ni machache? Akasema mwandiko mbaya. Mwandiko wako mwalimu mkuu aliwahi kuubandika ukutani, mimi sijui kusoma lakini hilo nalijua. Siku ya kumi ndipo alipokuja jikoni, akanisomea yote amesimama mlangoni, mgongo umenielekea.

Nitakujibu na yeye ataandika, hata akisimamisha kalamu nitamngoja.

Mama yako alikuwa ameolewa Guta, kwa mwanaume aliyekuwa anampiga. Alirudi kwao, hapo hapo Guta, huyo mwanaume akadai ng'ombe zake, ndugu za mama yako wakawa hawana za kurudisha. Walitaka kumrudisha yeye. Mimi nilikuwa nimekwenda kule kwenye msiba, nikamwona amekaa nyuma ya nyumba anamenya viazi kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, "Binti, mkono mwingine uko wapi?" Akasema upo, ila haufanyi kazi. Nikarudi nyumbani, nikakaa siku tatu nazitazama ng'ombe zangu. Halafu nikazipeleka. Watu walisema Wankyo amepata wazimu, ananunua mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeoa.

Siku ile niliweka neno mbele ya ndugu zake wote, Nathanieli alikuwepo, ndevu bado hazijamwota. Nilisema, mtoto atakayezaliwa kwangu ni wangu, na hakuna atakayemuuliza huyu binti amempata wapi. Hakuna, na mimi nikiwemo. Miaka yote hii sijamuuliza. Sijui, Hezron. Ukinitundika kwenye mti sijui. Nilipewa mtoto mwenye uzito mzuri na sauti kubwa, ningeuliza nini tena?

Kalamu imesimama. Namwachia aandike lake.

Hezron. Mimi mama yako. Nilipofika kwa huyu mama, mkono wangu wa kuume ulikuwa umevunjwa sehemu mbili. Alinilisha ugali kwa mkono wake miezi miwili, na aliniogesha. Mkono huu unaoandika ni ule ule. Wewe unatafuta mwanaume wa kujaza kwenye fomu. Mimi sina wa kukupa. Nimekuzalia nyumba hii, na nyumba hii ina mwenyewe. Usiende tena Guta. Mama yako, Judith.

Amemaliza. Sijui ameandika nini, amekataa kunisomea.

Kuhusu mkutano, nimesikia. Mguu unauma kweli, hukusema uongo hapo. Kila siku nakuombea. Mungu akusimamie siku hiyo kwenye miguu yako miwili.

Wankyo. Kidole.


Makoko, Musoma,
17 Mei 2023

Bibi yangu, mama yangu,

Shikamooni. Nawaandikia kwa sababu nilisema nitakuja baada ya matokeo na sijaja. Nilipita njia kuu nikiwa kwenye gari, nikaona bati za nyumbani, sikuweza kukunja kona. Lilian na watoto hawajambo. Mimi nalala sana.

Mmeshasikia kwa Penina, lakini mnisikie na mimi. Tulipangwa kwa herufi. Baltazari alianza, akaahidi barabara, daraja, na kisima kila kitongoji. Mjumbe mmoja akamuuliza atachimba yeye au malori yake, watu wakacheka. Nami nilipopanda niliongea vizuri, bibi. Niliongea juu ya josho lililokufa, juu ya mbegu feki, wakapiga makofi. Nikadhani nimevuka.

Halafu wakati wa maswali akasimama mzee Stanislausi. Unamjua. Akavua kofia, akasema, "Mimi sina haja na picha zinazotembea kwenye simu. Kaburi la Magesa nilichimba mimi na marehemu kaka yangu, ardhi ilikuwa ngumu, nakumbuka. Wewe hukuwepo hata tumboni. Nakuuliza bila ubaya. Wewe ni wa nani?"

Ukumbi ukatulia. Nikanywa maji. Kisha nikajibu hivi: "Mzee, mimi ni wa nyumba ya Wankyo. Nilisema uongo redioni. Mzee Magesa sikumwona. Aliyenifundisha kulima ni bibi yangu Wankyo, aliyemwoa mama yangu kwa ng'ombe zake mwenyewe. Baba mwingine simjui na sitamtafuta tena. Anayetaka kucheka acheke sasa, dakika zangu bado zipo."

Kuna waliocheka. Mtu mmoja kule nyuma akaguna kama ng'ombe. Mama mmoja wa makamo akasimama, hakuuliza kitu, akasema tu, "Na mimi ni wa nyumba ya namna hiyo hiyo," akakaa. Kisha wakaniambia nishuke.

Stellah alikuja wa mwisho. Aliongea kwa ufupi, kama anavyoongea zahanati. Amepata kura 214. Mimi 207. Baltazari 96. Amenipita kwa kura saba. Nimempa mkono, akaniambia, "Pole, kaka. Mwanao yule wa pili namkumbuka, alitoka miguu kwanza." Ndiye atakayesimama kugombea kiti.

Watu wangu wa kampeni wanasema kama ningemjibu Stanislausi kwa ujanja, zile kura saba ningezipata. Wamenuna. Mimi sijui. Nilitaka nikuletee ubunge, bibi, nikupeleke Dodoma ukakae kwenye kiti cha wageni na kitenge chako. Sasa sina cha kukuletea.

Hezron


Butiama,
30 Mei 2023

Hezron wangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi ni wazima. Mabaka anatoa maziwa mpaka tunampa Samweli. Sakafu ya jikoni haijapasuka. Penina amekuja mwenyewe kukiri kura yake alimpa Stellah. Amesema, "Hezron anaongea vizuri, lakini Stellah alinitoa kondo la nyuma." Nikamwambia sawa, kondo ni kondo. Nikampa maziwa aende. Usimchukie.

Barua yako tumeisoma mara tatu. Ni nzuri, ila imeruka mahali. Umeandika: ukumbi ukatulia, nikanywa maji, nikajibu. Kati ya ukumbi kutulia na yale maji kuna neno umeliacha nje.

Nilikuwepo.

Usishtuke. Uliniomba nisije, na mimi sikukuahidi, isome tena barua yangu uone kama niliahidi. Tulikaa nyuma kabisa karibu na mlango, nimejifunika khanga kichwani kama mgonjwa, mama yako kando yangu. Penina ndiye aliyetupitisha, alimwambia mlinzi mimi ni mama yake mzazi, na mimi nikamkubalia, siku moja hainidhuru.

Nilisikia Stanislausi akiuliza. Na nilisikia jibu lako la kwanza. Ulisema, "Mzee wangu, naona umechanganya. Yule bibi Wankyo ni jirani tu, jirani mwema aliyetusaidia tulipopata shida."

Mama yako akasimama atoke. Nikamshika kitenge. Nikamwambia, "Kaa. Hajamaliza." Kwa kweli sikujua kama hujamaliza. Niliomba tu iwe hivyo.

Stanislausi akasema, "Jirani. Haya, mheshimiwa, nimekusikia." Akavaa kofia, akakaa. Mwenyekiti akaita swali jingine. Hezron, hapo ungeweza kuishia. Hakuna aliyekuuliza tena. Ungesema habari ya josho, ungeshuka, labda leo ungekuwa mgombea. Nilikuona unachukua ile glasi, maji yakakumwagikia kwenye tai. Ukakaa na glasi. Halafu ukarudi kwenye kile kipaza sauti peke yako, ukasema, "Mwenyekiti, nirudi kwa mzee Stanislausi. Sijamjibu."

Kwa nini hilo hukuniandikia? Umeficha kosa lako, na ndani yake ukafunika na kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kufanya. Mtu aliyejibu vizuri mara ya kwanza ana kinywa kizuri tu. Wewe ulikwenda ukapotea, ukageuka mwenyewe bila mtu kukushika mikono. Hatua saba zile ulizoingia nazo kwa Penina, safari hii umerudi shambani.

Neno lile la jirani liliniuma. Sitasema halikuniuma, mimi siwezi uongo wa adabu. Liliniuma njia nzima mpaka mlangoni. Tulipofika jikoni, mama yako akapika uji, tukanywa tumekaa kwenye sakafu ya saruji yako. Halafu yeye akaanza kucheka. Nikamuuliza unacheka nini? Akasema, "Jirani mwema!" Tukacheka mpaka uji ukamwagika. Basi, neno limekwisha. Usiniombe radhi, nitakasirika upya.

Na yule aliyeguna kama ng'ombe, namjua. Nimemwambia mama yake.

Unasema huna cha kuniletea. Kipo. Njoo mwenyewe, kata kona, usizipite bati zangu tena kama mtoza ushuru. Njoo na Lilian na watoto wote, huyo aliyetoka miguu kwanza ndama anamngoja. Bernado usimlete, atakula furu wangu wote. Lete kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Mwandiko wako ni mzuri, utaifanya kazi wewe. Ule mwaka kwenye msalaba wa Magesa jua limeuchubua. Uandike upya, tarakimu zote nne, nene, mtu aliyesimama zizini azione, hata asiwe na haja ya kusogea na simu.

Ukimaliza, tazama kulia kwake. Ile nafasi nimeiacha ni yangu. Sijafa, usianze kulia, na wala sina haraka. Lakini nataka maneno yajulikane mapema, asije fundi mwingine akaambiwa aandike jina tu. Utaandika: Wankyo, mke wa Magesa, mume wa Judith, bibi wa Hezron. Kwa mpangilio huo. Mwaka mtaujaza wenyewe, nao msiufiche.

Judith amesimamisha kalamu hapo kwenye mume wa Judith. Ameinama kama anatafuta kitu chini, na karatasi imelowa kwenye kona. Hilo doa la maji ni lake. Hili jingine, jeusi, ni kidole changu.